Apu Yangu Itanilipa Ngapi? Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Mwezi huu meseji zenu karibu zote zinauliza kitu kimoja tu, pesa. Si laptopu gani ninunue, si nianze kujifunza wapi, ni pesa ngapi mtu mmoja asiye na kampuni nyuma yake anaweza kupata kwa apu au gemu aliyoitengeneza mwenyewe. Nimechagua barua tano. Mimi niko hapa Nakuru na hii kazi nimeifanya mwaka wa 9 sasa, na pale nitakapotaja pesa zangu nimeangalia stetimenti kwanza kabla ya kuandika, kwa sababu kwa hii maneno ya apu watu wanadanganyana sana na vijana ndio wanaumia.

*Kaka, niko mwaka wa nne pale Masinde Muliro, nakaa Lurambi. Nimetengeneza gemu ya bodaboda, unabeba abiria ukikwepa mashimo na ng'ombe. Iko Play Store tangu Machi na imedaunilodiwa mara 5,200. Nilisoma kuna jamaa wa Vietnam alikuwa anapata dola 50,000 kwa siku na gemu ya ndege. Mimi mpaka leo AdMob, ile huduma ya Google ya kuweka matangazo kwa apu, inaonyesha dola 31 pekee na hata hizo hazijatoka. Nakosea wapi? Nafikiria niahirishe masomo mwaka mmoja niipe hii gemu muda wangu wote.*

Ndugu yangu, kwanza hongera, na hongera ya kweli, maana walioanza gemu ni wengi sana na waliomaliza ni wachache. Pili, tafadhali usiahirishe masomo. Hebu tukae chini tupige hesabu.

Hiyo 5,200 iache kando kabisa. Fungua Play Console, ule ukurasa wa developa wa Play Store, uangalie ni watu wangapi wanafungua gemu yako kwa siku, si walioidaunilodi. Hukunipa hiyo namba kwa hivyo mimi nitatumia 150, kwa gemu ya ukubwa wako si mbaya. Kila mmoja akiona matangazo 4 hiyo ni matangazo 600 kwa siku. Sasa tuseme unalipwa nusu dola kwa kila matangazo 1,000, na kwa watazamaji wa Kenya wewe huna haki ya kutegemea zaidi ya hapo, basi ni senti 30 za dola kwa siku. Kwa mwezi dola 9. Ukibadilisha kwa 129 ni kama shilingi 1,160. AdMob hawatumi chochote mpaka ufikishe dola 100, wewe umebakisha 69, kwa mwendo huo ni karibu miezi 8 tena. Kwa hivyo hukukosea mahali, hesabu ndiyo iko hivyo.

Kwa nini ni kidogo hivyo? Matangazo yanauzwa kwa mnada, kila mara mtu akifungua gemu yako watangazaji wanashindana kwa sekunde moja ni nani atamwonyesha tangazo lake, na wanashindana kulingana na vile huyo mtu anaweza kununua. Mtu wa Marekani mwenye kadi ya benki kwa simu wanampigania kwa bei ya juu. Mwanafunzi wa Kakamega mwenye bando la shilingi 20 hawampiganii hivyo. Ndiyo maana gemu ileile, na idadi ileile ya watu, inaweza kulipa mara kadhaa zaidi ikichezwa nje. Na gemu yako ndugu haina maneno mengi, ni pikipiki na mashimo na ng'ombe, hata mtu wa Brazil ataielewa bila kusoma kitu, kwa hivyo maelezo yake ya Play Store yaandike pia kwa Kireno na Kihispania. Jaribu pia lile tangazo la video ambalo mchezaji anachagua mwenyewe kuliangalia ili apate uhai mwingine, hilo linalipa kushinda kile kipande kinachokaa chini ya skrini na pia haliudhi watu.

Halafu kuna hii. Juzi nilikuwa kwa matatu ya Njoro, kijana aliyekaa karibu na mimi simu yake ilikuwa imejaa, alitaka kupokea video ya harusi ya dada yake ikakataa. Akaanza kufuta. Alifuta gemu tatu moja baada ya nyingine, bila hata kusita, kidole kilikuwa kinapiga tu, na moja ya hizo tatu najua developa wake, ni rafiki yangu wa Eldoret aliyekesha nayo mwaka mzima. Gemu yako ina megabaiti ngapi? Kama imepita 100 ipunguze, picha zikandamize, hiyo kazi ya wiki mbili itakuletea watu kushinda kuongeza levo 10.

Huyo jamaa wa Vietnam ni kweli kabisa. Anaitwa Dong Nguyen, gemu ni Flappy Bird, aliitoa Mei 2013, ikakaa kimya miezi mingi halafu mwanzo wa 2014 ikalipuka dunia nzima, na ni yeye mwenyewe alisema inaingiza kama dola 50,000 kwa siku kwa matangazo. Februari 2014 akaiondoa sokoni kwa sababu ilikuwa imemharibia amani. Kuna pia Eric Barone wa Marekani, alitengeneza Stardew Valley peke yake, picha yeye, muziki yeye, kila kitu yeye, karibu miaka minne na nusu, akafungua Februari 2016 na sasa imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Lakini angalia hiyo miaka minne na nusu ilipita vipi, jioni alikuwa anaonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho na mpenzi wake ndiye alikuwa anabeba mzigo mkubwa wa nyumba. Wewe nani atakulipia keja ya Lurambi? Mimi hao watu wawili nawaheshimu sana ila siwezi kupanga maisha yangu kwa hesabu yao, na wewe usipange.

Kitu cha mwisho, ile barua umeipata? Ukifikisha dola 10 Google wanatuma barua ya karatasi kabisa, kwa posta, iko na namba ya siri ndani, na bila hiyo namba pesa haitoki hata ufike dola 1,000. Yangu ilikaa wiki tano, nilikuwa nimetumia sanduku la shule ambayo mama alikuwa anafundisha na karani akaiweka kwa rundo la barua za wazazi. Ni bahasha ndogo ya kuchana pembeni, rahisi kudhani ni takataka. Kama anwani uliyoweka ni ile ya hosteli badilisha leo.

*Habari, mimi ni wa Kaptembwo. Niliambia watu wa group yetu ya WhatsApp wabonyeze matangazo ya apu yangu kila siku ili pesa ipande. Ilipanda siku mbili ikafika dola 14, halafu akaunti ikafungwa. Naeza fungua ingine?*

Pole sana, najua uliona ni kusaidiana tu. Lakini kila mbonyezo kuna mfanyabiashara fulani anaulipia akiamini ni mteja, na Google lazima wamrudishie pesa yake, kwa hivyo mitambo yao inatafuta hiyo tabia usiku na mchana. Usifungue ingine kwa jina lako wala la ndugu yako, wataiunganisha na ile ya kwanza na itafungwa pia. Jaza ile fomu ya rufaa, sema ukweli wote kama ulivyoniambia mimi, uahidi hutarudia na ungoje. Wakikataa bado unaweza kutengeneza apu za kulipisha watu moja kwa moja, hapo chini nimemjibu dada mmoja kuhusu hiyo. Na wengine mnaosoma, hata kubonyeza tangazo lako mwenyewe ukijaribu apu ni kosa, kuna matangazo ya majaribio yaliyotengenezwa kwa hiyo kazi, tumia hayo.

*Mimi ni fundi simu Kondele, Kisumu. Nimemaliza apu yangu ya kwanza, ya kurekodi simu za wateja, nani ameleta, imeharibika nini, amelipa deposit ngapi. Kabla niiweke sokoni nataka kujua gharama zote nisije nikashtuka.*

Fundi, hili ndilo swali nilitamani mtu aniulize. Play Store unalipa dola 25 mara moja tu maisha yote, hiyo ni kama shilingi 3,200. Apple ni dola 99 kila mwaka, karibu 12,800, na utahitaji kompyuta ya Mac au uazime, kwa hivyo wewe Apple iache kwanza, wateja wako wa Kondele wako Android. Nikiwa hapo niwajibu pia wale wa gemu za kompyuta, Steam, lile duka la mtandaoni la gemu hizo, wanataka dola 100 kwa kila gemu na wanakurudishia ikishauza ya dola 1,000, ila wao wanakata asilimia 30.

Google na Apple mtu mdogo wanamkata asilimia 15 ya kile anachouza ndani ya apu, mpaka afikishe dola milioni 1 kwa mwaka, hiyo ilianza 2021, kabla ya hapo kwa kawaida ilikuwa 30. Ila kote kuwili ni lazima ujiandikishe kwenye huo mpango wa 15, haijileti yenyewe, na kuna watu nawajua walikatwa 30 miezi mingi kwa kutojua.

Kitu ambacho kitakushtua si pesa. Akaunti mpya ya mtu binafsi, tangu Novemba 2023, hairuhusiwi kutoa apu kwa umma mpaka watu waijaribu siku 14 mfululizo. Mwanzo walitaka watu 20, wakapunguza hadi 12 mwisho wa 2024. Hao 12 lazima wakae ndani siku zote 14, mmoja akijitoa unaweza kujikuta umeanza upya. Wewe una bahati maana unajua mafundi wenzako, chukua kumi na watano wa hapo Kondele na Oile, wale watatu wa ziada ni wa kufidia mtu akiuza simu yake. Na upitie LakeHub hapo Kisumu, wamekuwa wakilea watu wa teknolojia mji huo kwa miaka, utapata wenzako wa kukuambia apu yako ina kasoro gani kabla mteja hajakuambia.

*Dada yako wa Section 58 hapa Nakuru. Mimi ni mweka hazina wa chama cha wanawake 22. Nimejifunza programu jioni baada ya kazi, nimeunda apu ya kuhesabu michango, mikopo na faini, na imetuokoa kwa ugomvi mwingi. Sasa chama zingine tatu zinaitaka. Niweke matangazo au niwalipishe? Kama ni kulipisha, ngapi, na nipokee aje?*

Dada, barua yako nimeisoma mara tatu na nikamsomea bibi yangu. Walipishe. Usiweke tangazo hata moja. Watu 22 wakiifungua mara nne kwa mwezi, ukirudia hesabu ya yule kijana wa Lurambi utapata shilingi ambazo hazinunui mkate, na juu ya hiyo akina mama wataona tangazo la mikopo ya simu au la kubeti limekaa kando ya akiba yao, waanze kujiuliza pesa yao iko na nani.

Acha nikuambie yangu. Nilitengeneza gemu 3 kwa miaka 5. Zote kwa pamoja, tangu kuzaliwa kwao, zimeniletea shilingi 68,000, na 61,000 ya hizo ni gemu moja. Hizo zingine mbili usiniulize. Halafu siku moja nilikuwa Njoro kwa shangazi asubuhi, akaja yule mtu wa kununua maziwa na pikipiki, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Anapima lita kwa jagi, anaandika kwa daftari la kurasa 96 alilolifunga na karatasi ya nailoni, na kurasa mbili zilikuwa zimeshalowa wino wote ukawa bluu. Shangazi anasema jana ilikuwa lita 7, yeye anasema 5, wakabishana pale kwa geti mpaka maziwa ya jirani yakachelewa. Hapo ndipo nilipata kazi yangu.

Nikamtengenezea kitu kidogo sana, anaweka namba ya mkulima na lita, mkulima anapata SMS hapo hapo, mwisho wa mwezi jumla iko tayari. Nilimpa bure miezi miwili. Wa tatu nikamwambia ni 1,200 kwa mwezi na alilipa kabla sijamaliza kusema, kwa sababu ule ugomvi ulikuwa unamnyima wakulima. Leo, mwaka wa tatu, niko na wanunuzi 26, wa Njoro, Molo na upande wa Bahati, wanaingiza 31,200 kwa mwezi, SMS na seva zinachukua kama 9,000, nabaki na 22,000 hivi. Si utajiri, na pesa yangu nyingine bado inatoka kwa kazi za mkataba za watu. Lakini inakuja kila mwezi, na hakuna hata mmoja kati ya hao 26 ambaye amewahi kuniuliza apu ina daunilodi ngapi.

Kwa hivyo wewe lipisha kwa chama, si kwa mtu. Ningeanza na 800 kwa mwezi, kwa watu 22 hiyo haifiki shilingi 40 kwa kila mama, watapitisha kwa mkutano mmoja. Chama tatu ni 2,400, hiyo ni bando na nauli. Chama 40 ni 32,000. Lakini dada kabla ufike 40 jua kwamba kila chama kina mweka hazina na kila mweka hazina atakupigia Jumapili saa tatu usiku kwamba amesahau paswadi na mkutano ulikuwa leo. Huo ni muda wako na lazima uwe ndani ya bei. Mimi mwanzo sikuuhesabu na nilichoka vibaya.

Kupokea, anza na till ya kawaida ya M-Pesa na uwe unatia alama kwa mkono nani amelipa, ukifika chama kumi hivi ndio uunganishe na Daraja ya Safaricom, ile inayofanya ombi litokee kwa simu ya mteja aweke PIN tu. Angalia tu hapa, ukiuza huduma ya kidijitali ndani ya apu iliyo Play Store sheria yao inataka ulipwe kwa mfumo wao na wakate asilimia yao. M-Pesa yako mwenyewe wanaruhusu kwa vitu vya kushikika, kama kuuza mitumba au kuleta gesi. Ndiyo maana yangu ya maziwa sikuiweka huko, ni tovuti inayofunguka vizuri kwa simu ndogo, na ningekushauri hivyo hivyo.

Mawili ya kukulinda. Pesa ya chama isipite kwako kamwe, wewe andika hesabu tu, kushika pesa za watu ni biashara nyingine yenye leseni ya Benki Kuu. Na majina na mikopo ya hao akina mama inalindwa na ile sheria ya data ya 2019, kwa hivyo usimwonyeshe mtu wa nje hata kwa kujivunia kazi yako, na uhifadhi nakala mahali pa pili kila usiku. Kipato chenyewe kitaje KRA ukijaza ritani kabla ya mwisho wa Juni. Na kama chama kitataka uwaongezee kitu chao maalum, chukua nusu ya pesa kabla hujagusa kibodi. Mimi kuna duka nililifanyia mfumo wa 40,000 bila deposit, nikauwasha, wakautumia miezi, mpaka leo nangoja.

*Mimi ni mama wa Kanduyi, Bungoma. Kijana wangu amemaliza sekondari, sasa analala saa tisa usiku kwa laptopu ya mjomba wake, anasema anatengeneza gemu na zitamlipa. Babake anasema ni uvivu. Je, hii ni kazi au ananidanganya?*

Mama, asante kwa kuuliza badala ya kuzima stima. Ni kazi, ila kwa wengi wanaoanza mshahara wake wa mwaka wa kwanza ni sufuri na wa pili ni kidogo, na ni haki yako kujua hivyo. Lakini ule ujuzi wenyewe unalipa hata gemu ikikataa, kwa sababu mtu anayejua kumaliza programu anaweza kupata kibarua cha mkataba hapa nchini au nje, na mimi hapo ndipo nimekula miaka mingi. Hata huku kwetu si jambo geni, mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls walitengeneza apu ya kupambana na ukeketaji, I-Cut, ikawapeleka hadi California kwenye fainali ya Technovation, mashindano ya wasichana wanaotengeneza apu, na walikuwa bado na yunifomu.

Kama unataka kujua anakudanganya au la, usimuulize atalipwa lini. Mwambie aweke hiyo gemu kwa simu yako wewe, ucheze, kisha umwambie kitu kimoja ambacho kimekusumbua, labda maandishi ni madogo au inazima zima. Rudi baada ya wiki mbili. Kama amekirekebisha, huyo mtoto anafanya kazi, mwambie babake hivyo na mmtafutie chuo au fundi mkubwa wa kumshika mkono. Kama gemu haipo, kuna video tu za watu wengine wakicheza, basi babake ana hoja na mkae naye chini. Kwa vyovyote saa tisa ni usiku sana, pangeni saa sita iwe mwisho, na hiyo laptopu ya mjomba ilale chumbani kwako.